Kikoba chetu kina kufuli tatu, Excel haina hata moja

Sanduku la kikoba chetu ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, na lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakaa mkekani, wenye funguo wanafungua mbele ya macho ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, katibu anaandika kwenye kaunta buku. Anayechelewa analipa faini. Vikoba vingi vinaendeshwa hivyo, na waliobuni utaratibu huo hawakuhitaji kompyuta kujua kwamba binadamu hujisahau, na wengine hujisahaulisha.

Halafu nikaja mimi na laptopu.

Nilichaguliwa kuwa mwekahazina kwa sababu moja tu: nilionekana najua kompyuta. Wiki ya pili nikawaambia wenzangu kaunta buku limepitwa na wakati, tuhamie Excel. Hakuna aliyebisha. Ukiwa na laptopu kwenye mkeka wa watu wenye simu za batani, neno lako lina uzito usiostahili.

Mwaka ule tulianza watu 28. Hisa moja ilikuwa Sh 5,000. Nikapanga majina kwenye safu ya A, mstari wa 2 hadi wa 29, hisa za kila mtu kwenye safu ya C, na pembeni kwenye seli ya F2, ili jumla ionekane vizuri, nikaandika =SUM(C2:C29), yaani jumlisha safu ya C kuanzia mstari wa 2 hadi wa 29. Katikati ya mwaka wakaingia wanne. Nikawaongeza chini, mstari wa 30 hadi wa 33, nikawajazia hisa zao kila wiki bila kukosa. Majina 32 yalikuwa pale, yanasomeka. F2 ndiyo iliyobaki na watu wake 28, na haikumwambia mtu.

Desemba tukavunja kikoba. Sandukuni mlikuwa na Sh 14,400,000. F2 ilisema hisa ni 2,240. Nikagawanya, kila hisa ikapata Sh 6,428 na ushee. Tukashusha hadi 6,400 ili tusihangaike na chenji. Watu wakapiga vigelegele, hisa ya 5,000 imezaa 1,400! Tukagawa kwa kufuata orodha. Tulipofika jina la 29, sandukuni mlikuwa mmebaki Sh 64,000, na mbele yetu wamekaa watu wanne wenye hisa 160.

Wa kwanza kati yao ni mama anayeuza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu. Hakupiga kelele. Alisogea, akainama kwenye kioo cha laptopu, akasema: "Mwanangu, jina langu naliona hapo. Sasa hiyo mashine imenihesabu, au imeniandika tu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Hisa zilikuwa 2,400, na kila moja ilistahili Sh 6,000. Ilibidi kuwapitia wale 28 nyumba kwa nyumba, turudishe Sh 400 kwa kila hisa, jumla Sh 896,000. Ilichukua wiki tano. Wengine walikuwa wameshapitia dukani, mmoja alikuwa ameshasafiri kwenda kula sikukuu kijijini. Pengo lililobaki nililiziba mwenyewe, na sitasema ni kiasi gani kwa sababu mke wangu naye husoma haya ninayoandika.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na mkasa wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wawili wenye jina kubwa Marekani. Mwaka 2010 walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa huwa na ukuaji wa wastani wa -0.1 kwa mia. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanataka kubana matumizi waliishika makala ile kama msahafu. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu huko University of Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala yoyote maarufu. Akachagua hiyo, akahesabu, majibu yakakataa. Akawaandikia wenyewe, na mwaka 2013 wakampa faili lao. Ndani yake fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia wa 44, wakati nchi zilikuwa zinaendelea hadi mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa zimeandikwa, hazikuhesabiwa.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Si kwa kuwafurahia. Ni ile faraja ya mgonjwa anayekutana na mwenye ugonjwa wake. Nisiwaonee, lakini: Herndon na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walipata wastani wa 2.2, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na miaka iliyoachwa nje na jinsi kila nchi ilivyopewa uzito, fomula ilichangia kidogo. Ila hayo mengine ni mambo ya kubishana wasomi kwa wasomi. La fomula halina ubishi.

Uingereza nao, Oktoba 2020, katikati ya korona, waligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye takwimu. Majibu ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Ukijaza zaidi ya hapo, ya ziada haipati pa kukaa. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliochelewa kujua ni wale waliokuwa wamekutana nao, waliopanda nao basi, waliokula nao meza moja.

Ndiyo maana neno la yule mama halinitoki. Lahajedwali, yaani karatasi ya hesabu kama hiyo ya Excel, lina sura mbili. Kuna ile unayoiona, majina na namba zimepangika kama maduka ya Kariakoo, na kuna programu iliyojificha nyuma ya kila seli, ambayo hakuna anayeisoma. Tunasema "nimejaza Excel" kana kwamba tunajaza fomu benki. Kumbe tumeandika programu, bila kuijaribu, bila mtu wa pili kuikagua, na tukaikabidhi sanduku la watu.

Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii ametumia miaka mingi kuwapa watu kazi za lahajedwali na kuhesabu wanapokosea. Alichokiona ni kwamba watu hukosea katika asilimia chache tu ya seli, kiwango kisichotofautiana sana na cha waandika programu wa kawaida. Inasikika ndogo. Chukua kosa katika seli 1 kwa kila 100, halafu jibu lako la mwisho litegemee seli 100 zilizofuatana: uwezekano wa jibu hilo kuwa sahihi ni kama asilimia 37. Na aliona jambo jingine linalonigusa zaidi: wakosaji huwa na uhakika kweli kweli. Mimi nilikuwa nao. Nilivaa hadi kanzu.

Mholanzi Felienne Hermans alipata shamba kubwa zaidi la kuvuna. Kampuni ya Enron ilipoanguka mwaka 2001, barua pepe za wafanyakazi wake ziliwekwa hadharani wakati wa uchunguzi, na ndani yake mlikuwa na lahajedwali zaidi ya 15,000. Hermans na mwenzake Emerson Murphy-Hill walizipitia, na kati ya zile zenye fomula, karibu robo zilikuwa na makosa ambayo Excel yenyewe inayapigia kelele, yale ya #REF! (seli iliyotajwa haipo tena) na #DIV/0! (kugawa kwa sifuri). Hayo ndiyo yanayopiga kelele. La kwangu lilikaa kimya. Hermans ndiye pia aliyechukua dhana ya harufu kutoka kwa waandika programu akaileta kwenye seli: fomula ndefu kupita kiasi, fomula inayochota kila kitu kutoka karatasi nyingine, fomula iliyonakiliwa mara kumi ikabadilishwa kidogo kidogo. Haijaoza bado, ila inaanza kunuka kama samaki wa jana.

Wanaonivutia kuliko wote walifanyia kazi yao Braga, kaskazini mwa Ureno, kwenye Chuo Kikuu cha Minho: João Saraiva, Jácome Cunha na wenzao. Walishika wazo lililotolewa mwaka 2005 na Gregor Engels na Martin Erwig, ambalo kwa Kiswahili ningeliita kalibu. Fundi tofali hapimi tofali moja moja. Ana kalibu, na udongo ukitoka humo umeshakuwa tofali. Kalibu ya lahajedwali inasema: mwanachama ni mstari mmoja wenye jina na hisa, mstari huo unaweza kurudiwa mara nyingi utakavyo, jumla ni ya mistari yote iliyorudiwa, popote itakapoishia. Lahajedwali linazaliwa kutoka humo. Kumwongeza mtu nje ya jumla kunakuwa hakuwezekani, kama vile kufyatua tofali la pembe tatu kwenye kalibu la pembe nne.

Sasa, nani atakaa aandike kalibu kabla ya kuandika majina? Hakuna, na hao wa Minho walilijua hilo. Kwa hiyo waligeuza njia: programu inalisoma lahajedwali lako kama lilivyo, inachunguza safu ipi inaitegemea ipi, na kutokana na utegemezi huo inalikisia kalibu lililopaswa kuwepo. Nadharia waliyotumia si ya lahajedwali. Ni ya hifadhidata, yaani programu za kutunza taarifa katika majedwali yanayohusiana, ile aliyoianzisha Edgar Codd mwaka 1970. Mfano mdogo: kwenye orodha yetu ya mikopo, namba ya simu ya kila mkopaji inajirudia kila anapokopa. Jina linaamua simu, kwa hiyo simu haina haja ya kukaa kwenye mikopo. Ikae kwenye wanachama, mara moja. Kwetu kuna mama mmoja alikuwa na namba tatu tofauti kwenye mistari mitano, na zote zimepoteza sifuri ya mbele kwa sababu Excel ilidhani ni idadi ya kitu. (Tarehe usiseme. Laptopu ilikuwa mtumba wa Dubai, imewekwa mpangilio wa Kimarekani, na marejesho ya tarehe 3 Aprili yakahamia Machi 4 kimya kimya.)

Kazi hiyo ni nzuri, lakini sijamwona mhasibu hata mmoja mtaani anayetumia zana hizo. Kinachokaribia, na ambacho tayari kimo kwenye laptopu yako, ni Ctrl+T. Ukiligeuza eneo kuwa jedwali rasmi la Excel na kulipa jina, unaandika =SUM(Wanachama[Hisa]) na jumla inawafuata watu hata wakiongezeka kesho. Ningelijua hilo mwaka ule ningekuwa na akiba yangu. Na usiniambie habari ya kuifunga karatasi kwa nenosiri. Hilo linazuia mkono wa mtu mwingine. Langu lilikuwa kosa la mkono wangu.

Katika kuwasoma hao wa Braga nikakuta jambo lililonishangaza. Watu wale wale wa lahajedwali walikuwa wanapima umeme: programu gani inakula jouli (kipimo cha nishati) ngapi, swali gani la hifadhidata lina gharama gani. Mwaka 2017 walitoa orodha ya lugha 27 za programu kwa ulaji wa nishati, C ikakaa juu kwa kula kidogo kuliko zote, Python ikawa inakula mara 75 hivi ya C. Nikajiuliza hesabu ya seli na bili ya umeme vinakutania wapi. Kilichonijibu ni genereta la kazini.

Nafanya kazi kwenye duka la jumla la vipuri vya magari. Tuna seva moja, iko chumba cha nyuma, inaendesha hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Kipindi cha mgao tuliiweka kwenye betri na inveta, genereta likawa la mwisho kabisa. Betri zilikuwa zinaisha mapema kuliko fundi alivyoahidi, fundi akalaumiwa, betri zikalaumiwa. Mimi nikakaa siku moja chumba kile cha nyuma, nikasikia feni ya seva inavyounguruma. Ilikuwa inafanya kazi. Kazi gani, saa saba mchana, duka limepoa?

Kulikuwa na ripoti ya mauzo. Aliyeiandika aliiambia hifadhidata itafute mauzo ya leo ya kila kipuri, kimoja kimoja. Vipuri ni aina 1,400. Jedwali la mauzo lina mistari milioni 3. Na tarehe aliigeuza kwanza kuwa maandishi, to_char(tarehe, 'YYYY-MM-DD'), ndipo ailinganishe na ya leo. Faharasa ya tarehe ilikuwepo, lakini ilipangwa kwa tarehe, si kwa maandishi yaliyotokana na tarehe, kwa hiyo haikufaa kitu. Ni sawa na kumtuma mtoto amtafute mtu kwa jina la utani kwenye daftari lililopangwa kwa majina ya kitambulisho: itabidi alisome lote. Nusu sekunde kwa kipuri, mara 1,400, dakika 11 na ushee. Na ukurasa wa ripoti hiyo ulijisasisha kila saa kwenye kompyuta sita. Sita mara 11 ni dakika 66, ndani ya saa yenye dakika 60.

Hapa ndipo hifadhidata inapoizidi Excel adabu. Ukiweka neno EXPLAIN mbele ya swali lako, haikujibu swali, inakueleza itakavyolijibu. Nikaandika, ikanijibu: Seq Scan, yaani nitapita mstari kwa mstari. Ilikuwa tayari kusema muda wote ule, hakuna aliyeiuliza. Nikaandika tarehe >= leo na < kesho, nikaunganisha maswali 1,400 yawe moja, ripoti ikaja kwa sekunde nne. Feni ikanyamaza hadi mlinzi akaja kuuliza kama seva imekufa.

Nikataka kujisifu kwa uniti za LUKU, na hesabu ikanikata maneno. Tuseme prosesa ikifanya kazi inakula wati 25 zaidi ya ikipumzika. Dakika 11 ni jouli 16,500. Uniti moja ni jouli 3,600,000. Ripoti ile ingehitaji kuendeshwa mara 218 ili imalize uniti moja! Kwa mara 60 kwa siku, siku 26 za kazi, ni kama uniti 7 kwa mwezi. Si kitu cha kumtajirisha bosi. Lakini betri haikujali bei. Betri ilihitaji saa mbili za utulivu, na swali lile lilikuwa linazila.

Tangu 2011 prosesa za Intel zina mita ndani yake, RAPL, na kwenye Linux unaweza kusoma namba yake ikipanda kwa sehemu za milioni moja za jouli. Ndiyo iliyowapa watafiti macho. Kabla yake ulikuwa unapima kompyuta nzima kwenye soketi na kukisia. Na jambo la kwanza lililoonekana halikuwafurahisha waliotarajia miujiza: Tsirogiannis, Harizopoulos na Shah walionyesha mwaka 2010 kwamba, ndani ya seva moja, mpangilio wenye kasi kuliko yote kwa kawaida ndio pia unaotumia nishati kwa ufanisi kuliko yote. Maliza haraka, upumzike. Ila kupumzika kwenyewe si bure. Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google walieleza mwaka 2007 kwamba hata seva nzuri isiyofanya chochote inakula karibu nusu ya umeme wake wa kilele, kama genereta linalounguruma arusini wakati wote wameshaondoka.

Wengine hawakukubali kuishia hapo. Willis Lang na Jignesh Patel, wakiwa Wisconsin, walipunguza kasi na volteji ya prosesa kidogo wakaona umeme unapungua kuliko muda unavyoongezeka. Jaribio lao la pili nalipenda zaidi: maswali yanayofanana yasijibiwe yanapofika, yasubirishwe kwanza yajae, ndipo yajibiwe kwa mkupuo. Daladala kabisa. Abiria wa kwanza anakereka, lakini gari linakwenda safari moja badala ya kumi. Na kwenye Chuo Kikuu cha South Florida kuna waliofungua tumbo la PostgreSQL lenyewe. Mpangaji wake wa maswali ana orodha ya bei: ukurasa unaosomwa kwa mfululizo ni 1, wa kurukaruka ni 4, kuugusa mstari ni 0.01. Ni dalali mwenye bei za muda peke yake, bei ya umeme hajawahi kuambiwa. Wao wakamwongezea.

Sidhani kama dukani kwetu nitamfundisha dalali bei mpya. Nimeondoa to_char, nimefuta kule kujisasisha, na kila ripoti mpya naiuliza itakavyokwenda kabla haijaenda.

Kikoba mwaka huu tuko 41. Kaunta buku limerudi, liko pembeni ya laptopu, na katibu analijaza kwa kalamu. Juu kabisa ya lahajedwali kuna seli mbili nilizozipaka njano. Moja inahesabu majina yote kwenye safu ya A, nyingine inahesabu mistari ambayo jumla ya hisa imeifikia. Mama wa vitumbua sasa ndiye mwenye ufunguo wa tatu, na kila Jumamosi kabla hajauchomeka ananiuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Tumeandikwa wangapi?"

Nasoma: "41, mama."

"Tumehesabiwa wangapi?"

Nasoma tena. Ndipo anafungua pindo la khanga na kutoa ufunguo.